Umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili vidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi mpaka nikaona bora niyaweke sehemu moja, maana kila mtu akikata tiketi ya safari fupi anarudi na yale yale: mbona kilomita hazilingani, mbona muda haulingani, na mbona saa ya kufika kama imekosewa. Mengi ya majibu yanafanana kwa sababu tatizo ni lile lile, namba unayoiona inapima kitu kimoja na wewe unasafiri kitu kingine.

Umbali unaoandikwa kati ya viwanja viwili ni umbali gani hasa?

Ni umbali wa angani, sehemu ya katikati ya uwanja mmoja mpaka katikati ya mwingine, ukipimwa juu ya mgongo wa dunia. Chukua mpira, weka nukta mbili, vuta uzi ukaze kati yake, huo uzi ndo njia fupi kuliko zote na wataalamu wanaiita duara kubwa. Kwenye ramani bapa uzi huo unaonekana kama upinde, ndo maana ukiangalia ndege za London kwenda Los Angeles unashangaa zinapanda mpaka karibu na Greenland, hazijapotea, ramani ndo inayodanganya. Ila kwa safari za mikoani, kilomita 200 au 500, upinde huo haupo kabisa machoni, chora mstari na rula tu inatosha.

Mbona simu yangu inanipa kilomita nyingi kuliko hizo?

Kwa sababu umeuliza barabara. Barabara inazunguka milima, inatafuta daraja, inasubiri feri. Mfano mzuri ni Bergen na Stavanger kule Norwe, angani ni kama kilomita 160, kwa gari ni karibu 210 na njiani unapanda feri mbili, safari nzima inakula saa 4 na nusu au 5 hivi. Ndege ratiba yake ni dakika 35 mpaka 40. Sasa hapo unaona kilomita zimeongezeka kama theluthi tu lakini muda umeongezeka mara saba, kwa hiyo ukitaka kulinganisha usafiri usilinganishe kilomita, linganisha saa.

Naweza kupiga hesabu ya umbali mwenyewe?

Unaweza, tena kwa kalamu. Tuendelee na hao hao wawili. Uwanja wa Bergen uko latitudo 60.29 kaskazini na longitudo 5.22 mashariki, wa Stavanger uko 58.88 na 5.64. Tofauti ya latitudo ni digrii 1.41, na digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote ulipo duniani, kwa hiyo 1.41 mara 111 ni 156.5. Tofauti ya longitudo ni 0.42, mara 111 ni 46.6, lakini ngoja, hapa ndo watu wengi wanakosea, mistari ya longitudo inabanana kadiri unavyokwenda kwenye ncha ya dunia, kwa hiyo lazima uzidishe na kosaini ya latitudo, ile cos ya kwenye kikokotoo. Pale ni karibu digrii 60 na kosaini ya 60 ni nusu, basi 46.6 inabaki 23.3. Halafu ni Pythagoras ya shuleni: 156.5 mara yenyewe, jumlisha 23.3 mara yenyewe, tafuta kipeuo cha pili, unapata 158. Vikokotoo vya mtandaoni vinakupa karibu 160, yaani umekosea kilomita moja au mbili kwa kazi ya dakika tatu.

Hii inafaa kwa umbali mfupi tu. Ukivuka bahari tumia kikokotoo, maana hapo dunia inaanza kukudai ule mviringo wake.

Kilomita, maili, maili za baharini… nifuate ipi?

Wewe fuata kilomita. Rubani anafuata maili za baharini, ambayo moja ni kilomita 1.852, na mwendo anausoma kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Maili ya kawaida ya barabarani ni kilomita 1.609. Shida inakuja pale tovuti moja imeandika maili bila kusema maili gani, basi watu wawili wanabishana wote wakiwa sahihi. Hiyo maili ya baharini haikuokotwa tu, ni dakika moja ya latitudo, sehemu moja ya sitini ya digrii, ndo maana wanamaji na marubani hawaachani nayo.

Muda wa ndege unapatikanaje kutoka kwenye umbali?

Kanuni ya haraka ninayotumia: gawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, halafu ongeza dakika 30. Hizo 30 ni za ndege kutembea uwanjani kabla ya kuruka, kupanda juu, kushuka, kujipanga kutua na kwenda mpaka kwenye maegesho.

Mwendo unategemea ndege. Cessna Caravan ile ndogo ya injini moja inakwenda kama kilomita 340 kwa saa, ATR 72 ni kama 500, Dash 8-400 inafika 660 hivi, na jeti kama Embraer 190, Airbus A320 au Boeing 737 ziko kwenye 830.

Tuipime hiyo kanuni. Sydney na Canberra ni kilomita 236, kwa Dash 8 ni dakika 21, ongeza 30 ni 51, na ratiba husema dakika 55 mpaka saa moja. Rio de Janeiro uwanja wa Santos Dumont mpaka São Paulo uwanja wa Congonhas ni kama 366, kwa jeti ni 26 jumlisha 30, dakika 56, ratiba saa 1 na dakika 5 hivi. Seoul Gimpo na kisiwa cha Jeju, njia ambayo ni kati ya zenye abiria wengi kuliko zote duniani, ni kama kilomita 450, hesabu inatoa dakika 63 na ratiba ni saa 1 na dakika 10. Bergen na Stavanger ukiweka 30 unazidisha, kwa sababu viwanja havina foleni sana, hapo weka 20. Na kwa viwanja vidogo kabisa ambavyo ndege ikigeuka tu iko tayari kuruka weka 15. Uwanja mkubwa wenye msongamano weka 40 na usilalamike.

Tiketi inasema saa 1 na dakika 5, rubani anatangaza dakika 40. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, kila mmoja anahesabu kitu chake. Tiketi inahesabu tangu ndege inapotolewa vile vizuizi vya matairi na kuanza kusukumwa mpaka inapofika maegesho ya kule na kuwekewa vizuizi tena. Rubani anakuambia muda wa hewani, magurudumu yakiachana na lami mpaka yakigusa lami nyingine. Katikati hapo kuna kutembea uwanjani, kusubiri ndege nyingine itue, na wakati mwingine kusimama tu bila sababu unayoijua.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo mashirika hayalisemi kwa sauti, wanaongeza dakika za akiba kwenye ratiba. Kipimo cha biashara hii ni kwamba ndege iliyochelewa chini ya dakika 15 inahesabiwa imefika kwa wakati, sasa ukiongeza na zile dakika ulizoficha kwenye ratiba, ndege inaweza kuondoka imechelewa dakika 20 na bado ikatangazwa tumefika mapema, tunawashukuru kwa kusafiri nasi. Mimi sioni kama ni wizi, mtu wa kuunganisha ndege anahitaji ratiba ambayo ni ya kweli siku mbaya, lakini ndo ujue kwa nini namba hazilingani.

Nipande jeti au pangaboi, yaani ndege ya panga zinazozunguka? Jeti si itanifikisha mapema zaidi?

Kwa safari fupi tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani. Angalia kilomita 300: pangaboi la kilomita 500 kwa saa linatumia dakika 36, jeti ya 830 inatumia dakika 22, kwenye karatasi umeokoa dakika 14. Sasa ile jeti haiwezi kukimbia 830 mwanzo mwisho. Nchi nyingi chini ya futi 10,000 ndege haziruhusiwi kuzidi noti 250, hiyo ni kama kilomita 463 kwa saa, yaani kule chini jeti na pangaboi ni ndugu.

Kushuka nako kuna hesabu yake ambayo marubani wanaifanya kichwani, kila futi 1,000 unazotaka kushuka zinahitaji kama maili 3 za baharini. Jeti iliyopanda futi 35,000 inahitaji maili 105 kushuka vizuri, hiyo ni kilomita 194. Rudi Bergen na Stavanger, njia nzima ni 160, maana yake ungeanza kushuka kabla hujapanda. Ndo sababu kwenye safari fupi ndege hazipandi juu sana, unaona chai inagawiwa haraka haraka na vikombe vinakusanywa kabla hujapoza, mhudumu hana ubaya na wewe, anajua ana dakika kumi tu za ndege kuwa imenyooka.

Pangaboi lina kelele zaidi na linatikisika zaidi kwa sababu linaruka chini zaidi, ATR mwisho wake ni futi 25,000. Ila linakula mafuta kidogo na linatua kwenye njia fupi, na bila hayo mapangaboi viwanja vingi vidogo visingekuwa na ndege ya ratiba kabisa.

Kwa nini kwenda na kurudi havina muda sawa?

Upepo. Ndege inaogelea kwenye hewa, na hewa yenyewe inatembea. Tuseme njia ni kilomita 480 na ndege inakwenda 480 kwa saa, siku isiyo na upepo ni saa moja kamili. Ukija upepo wa mbele wa kilomita 80 kwa saa, wenyewe wa baharini wangesema mnakwenda mbisho, ardhini mnasogea 400 tu kwa saa na safari inakuwa saa 1 na dakika 12. Kurudi mna upepo wa kisogoni, 560 kwa saa, dakika 51. Ukijumlisha kwenda na kurudi ni saa 2 na dakika 3, yaani upepo haukurudishii chote ulichokukopa, maana ule wa mbele unakaa nao muda mrefu kuliko wa nyuma.

Kwenye safari ndefu ni balaa zaidi. Februari 2020 ndege aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London ndani ya saa 4 na dakika 56, njia ya kama kilomita 5,540, kwa sababu dhoruba ilikuwa inaisukuma kutoka magharibi. Kwa kawaida upande huo ni karibu saa 7, na kurudi ni saa 8 hivi. Kwa ndege ndogo inayokwenda 300 kwa saa upepo una maana kubwa zaidi, upepo ule ule wa 80 ni zaidi ya robo ya mwendo wake.

Saa kwenye tiketi nisomeje? Nimechanganyikiwa.

Swali hili lingekuwa la kwanza kama ningepanga kwa idadi ya watu lililowaumiza. Tiketi inaandika saa 24 na siku inaanza usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Njia ya kujikagua: toa sita, na jibu likizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena. 16:20 toa 6 unapata saa kumi na dakika ishirini. Kama namba ni ndogo kuliko saba ongeza sita, 05:45 ni saa kumi na moja na dakika arobaini na tano alfajiri. Na hapo kwenye namba moja mpaka tano ndo pa hatari, mtu anaona 01:00 anasoma saa moja, kumbe ni saa saba usiku.

Ila mtego mkubwa ni tarehe. Mimi nilishakata tiketi ya 00:40 siku ya Jumatano. Kichwani nikaweka Jumatano usiku, nikala, nikalala mchana, nikafika uwanjani Jumatano saa nne usiku nimejitayarisha kuliko abiria wote. Dada wa kaunta akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia tena karatasi, akasema kwa upole, kaka, hii ndege ilishaondoka jana. Haikuondoka jana kwa kweli, iliondoka leo, saa sita na dakika arobaini ya usiku wa kuamkia Jumatano, ila mimi kwa hesabu yangu ule ulikuwa bado Jumanne usiku. Tangu siku hiyo tiketi yoyote ya kati ya 00:00 na 04:00 naiandika kwa maneno: usiku wa kuamkia siku fulani, uwepo uwanjani siku iliyotangulia jioni.

Nimeona ndege inaondoka saa nne na kufika saa nne na dakika ishirini, na ni zaidi ya kilomita 600. Imekosewa?

Haijakosewa. Saa ya kuondoka ni ya kule unakotoka na ya kufika ni ya kule unakofika. Mfano hai ni Sydney kwenda Gold Coast kule Australia, kama kilomita 680, safari ya saa 1 na dakika 20. Majira ya joto jimbo la Sydney linasogeza saa mbele na jimbo la Queensland halisogezi, basi mkiondoka 10:00 mnafika 10:20. Kurudi sasa, mkiondoka 10:00 mnafika 12:20. Mtu akisoma hizo namba mbili bila kujua ataapa kwamba upepo wa kule una nguvu ajabu. Tena njia ya kurukia ya uwanja ule wa Gold Coast inavuka mpaka wa majimbo mawili, ndege inaweza kuanza kukimbia kwenye saa moja ikaachana na lami kwenye saa nyingine, ila uwanja wenyewe unafuata saa ya Queensland.

Sio lazima tofauti iwe saa nzima. Nepal iko dakika 15 mbele ya India, basi Delhi kwenda Kathmandu hesabu yako itazidi au kupungua robo saa.

"Moja kwa moja" maana yake haisimami popote?

Hapana, na hapa watu wanaumia. Kwenye lugha ya mashirika, moja kwa moja ni kwamba namba ya safari haibadiliki, lakini ndege inaweza kutua njiani, ishushe watu, ipakie wengine, iendelee. Unayoitaka wewe ni bila kusimama. Kuna safari maarufu ya Honolulu kwenda Guam inayorukaruka visiwa, Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei, Chuuk, vituo vitano katikati. Bila kusimama njia hiyo ni kama kilomita 6,100 na saa 8 kasoro hivi, kwa kuruka visiwa ni siku nzima inaisha. Kwa ndege za mikoani hii ni kawaida sana, kwa hiyo ukiona umbali ni kilomita 300 na muda ni saa 2 na nusu, usishangae mwendo, uliza inatua wapi katikati.

Mbona kwenye simu naona ndege imezunguka badala ya kunyooka?

Sababu ziko nyingi. Ndege inaruka ikikabili upepo hata kama safari yake iko upande wa pili, ikishapaa ndo inageuka, na kutua hivyo hivyo. Kuna anga za jeshi zisizopitika. Kuna wingu la radi ambalo hakuna rubani mwenye akili atakatiza. Kuna mnara wa kuongozea ndege uliowaambia zungukeni hapo kwanza. Kwenye safari ya kilomita 200, mizunguko miwili ya namna hiyo inaweza kuongeza robo saa, ambayo ni asilimia kubwa ya safari yenyewe.

Wakati mwingine ni siasa. Tangu anga ya Urusi ifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, Helsinki kwenda Tokyo ilitoka saa tisa na nusu hivi ikawa kama 13. Viwanja havijasogea hata hatua moja.

Mafuta si yataisha wakizungusha hivyo?

Ndege haibebi mafuta ya safari tu. Inabeba ya safari, ya dharura ya njiani, ya kwenda uwanja wa pili kama wa kwanza umefungwa, na juu ya hayo yote lazima ibaki akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za jeti na mapangaboi ya tabaini ni dakika 30 za kuzunguka angani, na kwa zile za injini za pistoni ni dakika 45. Lala usingizi.

Kwa nini uwanja mdogo unafutiwa safari wakati hali ya hewa naiona nzuri tu?

Viwanja vingi vidogo havina mitambo ya kumshusha rubani kwenye ukungu mzito, au vina njia fupi, au vimezungukwa na milima, kwa hiyo kinachokubalika kwenye uwanja mkubwa hapo hakikubaliki. Lukla kule Nepal njia ya kurukia ina mita 527 tu na imeinama kama mteremko wa mlima, ndege nyingi zinakwenda asubuhi kwa sababu baadaye upepo na mawingu vinaingia. Barra kule Uskoti ndege zinatua ufukweni, juu ya mchanga, na ratiba inafuata maji kupwa na kujaa kama vile ni jahazi.

Na joto pia, hili watu hawaliamini. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa yanashika kidogo, ndege inahitaji njia ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi. Juni 2017 kule Phoenix, Marekani, joto lilikaribia digrii 49 na safari kadhaa za jeti ndogo za mikoani zikafutwa, kwa sababu zilikuwa na kikomo cha karibu 48. Ndege kubwa ziliendelea kuruka. Jua kali, anga safi, na ndege haiendi.

Kwa umbali gani ndege inashinda gari?

Usiangalie muda wa hewani, piga hesabu ya mlangoni mpaka mlangoni. Kwenda uwanjani tuseme dakika 40, kuwahi kabla ya ndege saa moja na nusu, safari dakika 55, kusubiri begi dakika 20, kuingia mjini dakika 30. Hiyo ni karibu saa 4 kwa ndege ya dakika 55. Sydney na Canberra kwa gari ni kama saa 3, kwa hiyo peke yako ukiwa na gari zima, ndege imeshindwa. Mimi mstari wangu ni kilomita 350 kama barabara ni nzuri. Kama kuna ziwa, bahari au milima katikati, mstari unashuka mpaka 100 au chini ya hapo.

Treni ya kasi inabadilisha kila kitu. Ufaransa Mei 2023 walipiga marufuku safari fupi za ndani ambazo treni inaweza kuzifanya chini ya saa 2 na nusu, mfano kutoka Paris Orly kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux.

Zile herufi tatu ni za nini, na nizijali?

Zijali sana. Herufi tatu ndo jina la uwanja kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi, BGO ni Bergen, SVG ni Stavanger. Marubani wana zao za herufi nne, ENBR na ENZV. Majina ya miji yanajirudia lakini herufi hazijirudii: Sydney ya Australia ni SYD, Sydney ya Kanada ni YQY, na wapo waliotua ile ya Kanada na kaptula zao za ufukweni. Ukitafuta umbali kwenye kikokotoo andika herufi, usiandike jina la mji.

Kujua umbali kamili kuna faida gani kwangu?

Inaweza kuwa pesa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inapanga fidia ya abiria kwa umbali, safari mpaka kilomita 1,500 ni euro 250, na umbali unapimwa kwa ile njia ya duara kubwa. Mahakama yao iliamua mwaka 2017 kwamba kama uliunganisha ndege, unapimwa kutoka ulikoanzia mpaka ulikofikia mwisho, sio kipande kwa kipande. Umezunguka nusu ya bara kwa sababu ya njia yao, unalipwa ule uzi ulionyooka.

Nina dakika 40 za kuunganisha ndege kwenye uwanja mdogo. Zinatosha?

Kama tiketi ni moja na begi linakwenda mpaka mwisho, mara nyingi ndiyo, uwanja wenyewe unauvuka kwa dakika tano. Kama ni tiketi mbili tofauti, hapana, usijaribu, maana ndege ya kwanza ikichelewa dakika 14 yenyewe imehesabiwa imewahi na wewe umebaki na 26, kaunta ya pili inafungwa, begi bado linakuja na kitoroli. Na ndege ndogo za mikoani mara nyingi zinachukua begi la mkononi mlangoni na kukurudishia pale chini ya ngazi, kwa hiyo toa dawa, pasipoti na chaja kabla hujalitoa.

Safari fupi kuliko zote ni ipi?

Westray na Papa Westray, visiwa vya Orkney huko Uskoti, kilomita 2.7. Ratiba inasema dakika 2, upepo ukikubali ni chini ya hapo, na rekodi ni sekunde 53. Ipo tangu 1967. Kwa jeti kulikuwa na ile ya kuvuka ziwa Constance, kutoka Altenrhein ya Uswisi mpaka Friedrichshafen ya Ujerumani, kama kilomita 20 na dakika 8 hewani, ilianza Novemba 2016 na haikufika kiangazi kilichofuata. Kanuni yangu ya kuongeza dakika 30 hapo usiitumie.